Minza na Kichupa cha Dawa

Nakumbuka siku niliyomwambia dada yangu kwamba macho yake hayaponi kwa sababu ana shaka moyoni. Nilikuwa na miaka kama ishirini, mwanangu, nimeolewa Geita kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, enzi za Mwingereza, na nilidhani namjua Mungu kuliko watu wote wa kwetu.

Usinicheke, nilikuwa na sababu. Mume wangu, Masanja, alifanya kazi chini ya ardhi, na jiwe lilimwangukia mguuni. Mguu ukavimba kama gogo. Akaja mhubiri mmoja mgeni, mwenye sauti ya upole, akamwombea mchana kweupe mbele ya watu, na wiki haikuisha Masanja akatembea. Niliona mwenyewe. Hadi leo sijui niseme nini juu ya mguu ule, wala sitakudanganya kwamba najua.

Basi dada yangu Minza, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa kijijini akilima pamba, na macho yakaanza kumuuma. Kwenye zahanati ya misheni walimpa dawa ya kupaka asubuhi na jioni, wakamwonya asiache hata siku moja. Mimi nikamtumia salamu: njoo uombewe. Akaja.

Mhubiri alimwombea mara tatu. Alikuwa akifundisha kwamba imani ikitimia, ugonjwa hauna pa kukaa. Macho yakabaki mekundu vilevile. Asubuhi moja tukitwanga mtama, nikaona kichupa kimefungwa kwenye pindo la kanga yake.

"Dada, bado unapaka hii?"

"Mganga wa zahanati alisema nisiache."

"Ndiyo maana huponi. Unamwomba Mungu huku umeshika chupa. Hiyo si imani, ni shaka."

Alifungua pindo, akaenda akakitupa chooni. Nami nikafurahi, mwanangu. Niliimba huku natwanga.

Kuanzia hapo akawa anafunga, na kila kukicha ananijia na dhambi mpya aliyoikumbuka. Leo ni yai aliloiba kwa shangazi akiwa mtoto. Kesho ni siku aliyomnyima mama mkwe maji ya kunywa. "Labda ni hili?" ananiuliza. Nami namjibu, "Labda. Endelea kutafuta." Akayapekua maisha yake yote, na huku jicho la kushoto linafunikwa na ukungu mweupe.

Mama yetu akapata habari za neno langu na dawa iliyotupwa, akaja. Yeye hakuwahi kuingia kanisani. Alishika mila za wazee wake. Tulimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alimshika Minza kidevu, akamtazama macho, kisha akanigeukia.

"Moyo wa mwenzako uliuona lini?"

"Mayu, mhubiri alisema..."

"Sijamuuliza mhubiri. Nakuuliza wewe uliyenyonya ziwa moja naye. Uliuona lini?"

Siku ileile mayu akamchukua Minza, wakaenda zahanati. Jicho la kulia likaokolewa. La kushoto halikuona tena.

Nilikimbilia kwa mhubiri nikilia, nikitaka anieleze nilikosea wapi. Akasema taratibu, "Basi huenda shaka ilikuwa kwako." Sidhani alikuwa mtu mbaya, nafikiri naye hakujua, ila hakuzoea kusema hajui. Lakini hapo zamu yangu ya kutafuta dhambi ikaanza. Nikipiga magoti, nikisema naamini, najishuku. Nikinyamaza, naogopa. Nilijiuliza: kama imani ndiyo iliyomponya Masanja, mbona siku ile yeye aliugulia kwa maumivu tu, hata amina hakusema? Na Minza aliyefunga mpaka akakonda, alipungukiwa nini? Nilizunguka hapo mwaka mzima, sitoki.

Mwisho nikaenda kijijini kumwomba radhi. Nilimkuta shambani anachuma pamba, ameinamisha kichwa upande mmoja ili aone vizuri. Nikamwambia yote, pamoja na lile neno langu la shaka. Aliendelea kuchuma kwanza. Kisha akasema:

"Mdogo wangu, mimi sijawahi kumwamini Mungu kama siku ile niliyotupa dawa. Niliitupa kwa moyo wangu wote. Kwa hiyo usiniambie tena habari ya imani ndogo."

Nililia pale kati ya mistari ya pamba. Akanipa kikapu, tukachuma pamoja.

Mwanangu, nimezeeka na bado sielewi kwa nini huyu huinuka na yule hubaki kitandani. Lakini haya nakuachia. Omba, na dawa unywe. Mgonjwa asipopona, usimhesabie makosa, mpelekee uji. Na siku utakapoomba wewe usipate, usijiweke kizimbani na kujihukumu mwenyewe. Lia, ule, ulale, kesho uombe tena. Anayekwambia ameuona moyo wako, muulize aliuona lini. Na ukitaka kumwambia mwenzako neno kama lile langu, ulimeze.

Mungu akulinde macho yako yote mawili. Akujalie watu wa kukaa nawe unapoumwa bila kukuuliza ulifanya nini. Na pale usipoelewa, akupe amani ya kusema sijui. Nenda salama, mwanangu.