Website ya ofisi yangu ya uwakili ilivyomleta mjomba wa mteja wangu mlangoni

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nimebadilisha jina la mtu tu, na sababu mtaiona mbele.

Mimi ni wakili, nina kaofisi kangu Mwembesongo. Chumba kimoja, meza moja, benchi moja la wateja. Mahakamani tunaitana wasomi, basi leo nitawaonyesha usomi wangu.

Jamaa niliyesoma naye alifungua website ya ofisi yake. Nikaingiwa na wivu, siwafichi. Nikamtafuta shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuwa anatengeneza website kabla hajahamia kwenye biashara ya vitunguu. Shemeji ni mtu wa "usijali, niachie mimi". Nikamwachia.

Sisi mawakili haturuhusiwi kujinadi kama wauza viatu, kwa hiyo maneno niliyachambua siku tatu nzima. Nikafuta "bora", nikafuta "mahiri". Hata kwenye "karibu sana" nikaondoa "sana".

Picha je? Shemeji alipita asubuhi moja, akapiga piga, akaweka. Sikuzikagua kabisa.

Website ikaenda hewani. Nikaitupia link kwenye magrupu yote, mpaka lile la msiba ulioisha zamani.

Wiki ya pili, nikiwa najitazamia website yangu kwa mara ya ishirini, ndipo nikaona. Ukurasa wa kwanza, picha kubwa: benchi langu, Mama Zuhura amekaa, mfuko wa karatasi mapajani. Chini yake: "Wateja wetu".

Nikafunga ukurasa, nikafungua tena. Bado yupo.

Mama Zuhura ni mkulima wa Mlali. Mjomba wake, mkubwa wa ukoo, alitaka kumuuzia mtu wa mjini shamba analolima huyu mama, lililokuwa la marehemu mama yake. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama na mjomba ndiye msemaji, kwa hiyo kwenda kwa wakili nyuma ya mgongo wake si jambo dogo. Alikuja kwangu kwa siri.

"Mwanangu, hata nyumbani nimeaga naenda hospitali," aliniambia.

Na mimi nilikuwa bado naandaa maombi ya zuio, ili mahakama ikataze shamba kuuzwa. Mjomba akinusa tu kabla hayajafika mahakamani, angesaini na mnunuzi siku hiyo hiyo na shamba limekwenda.

Nikampigia Mama Zuhura, hapatikani. Nikampigia shemeji. Yuko Dumila, anapakia vitunguu.

"Shem, toa ile picha ya benchi sasa hivi."

"Password ilikuwa kwenye laptop."

"Laptop iko wapi?"

"Niliiuza, shem. Nilikuwa natafuta mtaji."

Nikapiga kwa kampuni inayotunza website. Dada akatafuta, akaniambia kwa upole, "Samahani kaka, wewe si mmiliki."

Jina la shemeji, email ya shemeji, kila kitu cha shemeji! Mimi, ambaye kila siku nawaambia wateja kwamba kiwanja kisicho na jina lako kwenye karatasi ni stori tu. Usomi ndio huo, wakuu.

Shemeji akaahidi kuja kesho yake na kitambulisho. Mimi nikamalizia maombi mbio mbio, nikayawasilisha. Asubuhi nimekaa namsubiri shemeji, akatangulia mjomba.

Mzee wa kama miaka sabini, kofia, koti, bahasha mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wakili. Mjukuu wangu amenionyesha ofisi yako kwenye simu. Nikamwona na mpwa wangu amekaa hapo. Nikasema alhamdulillahi, kumbe familia ina wakili wake. Niandikie mkataba, nauza shamba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumwandikia siwezi, nina mteja upande wa pili. Kumwambia ni nani siwezi, ni siri. Yaani siri ambayo nimeibandika mwenyewe duniani kote!

"Mzee, kwa suala hili sitaweza kukuhudumia."

"Kwa nini?"

"Siruhusiwi kusema."

Akanitazama. Akalitazama benchi. Akarudisha bahasha kwenye koti taratibu.

"Angenifuata mimi kwanza," akasema, akaondoka. Hakugomba. Bora angegomba.

Nashukuru Mungu hakusaini. Zuio lilitoka, na baadaye kikao cha ukoo kikaamua shamba lisiuzwe. Shemeji alikuja, picha ikatoka, na sasa website ina jina langu kila mahali. Mama Zuhura nilimwomba radhi hadi akaona aibu yeye. Akasema yamepita, akaniletea na ndizi.

Ila juzi nilimuuliza habari za nyumbani.

"Shamba nalima, mwanangu. Ila kila asubuhi napita kwa mjomba kumwamkia, na shikamoo yangu haitikii."

Iliniuma sana, na inaniuma mpaka sasa.

Somo mmeliona: ukitengenezewa website, jina liwe lako, email yako, password yako, na picha uzikague kama unavyokagua mkataba kabla ya kusaini. Kwa hayo nitukaneni kidogo tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Ninachohitaji kwenu ni kingine, maana vitabu vyangu havina. Mliowahi kununiwa na mjomba, mlifanyaje mpaka akaitikia?