Jina Nililoomba Liandikwe

Jumapili ile mume wangu Alberti alikuwa uani kwetu, mtaa wa Kamalondo, akipiga randa mlango wa jirani. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu. Mdogo wake, Donati, alikaa juu ya mbao akimtania: milango yako mizito mno, mwizi ataona afadhali abomoe ukuta. Tulicheka. Vita vilikuwa vya wazungu, huko kwao Ulaya.

Juma lile lile watu wa serikali ya kikoloni wakaja na daftari. Serikali iligawa wanaume kama mtu anavyochambua maharagwe: hawa jeshini, hawa porini kugema mpira, hawa migodi ya Kambove, hawa karakana, ambako badala ya vyuma vya reli sasa walimimina maganda ya makombora. Aliyeandikwa karakana hachukuliwi jeshini. Wala hawezi kuacha kazi. Akiacha, anafungwa kama askari mtoro.

Mimi nilisikia neno moja tu: hachukuliwi. Nikabeba kuku wawili mpaka kwa karani wa karakana, mtu wa kijiji chetu kule kaskazini.

“Bwana yako iko seremala, mama,” akasema. “Kule banayeyusha chuma.”

“Andika tu.”

“Nitaandika. Lakini asijue. Na weye usikuye kunililia kisha.”

Alberti akarudi na kibati cha namba shingoni, kifua mbele.

“Balinichagua juu ya mikono yangu,” akaniambia. “Muzungu aliona milango.”

Nikamtilia maji ya kuoga. Donati akachukuliwa jeshini. Mama mkwe alimlilia yeye. Alberti, alisema, yuko salama.

Kazi ile, jamani. Waliongeza saa, kisha wakachukua na Jumapili. Alirudi nyusi zimeungua, akala huku anasinzia. Kila mwezi makombora yaliyotakiwa yalizidi. Tulichoka hata kugombana. Kalibu za mchanga, zile za kumiminia chuma, zilipaswa kukauka kwanza, maana chuma cha moto kikikuta maji hulipuka. Haraka ilipozidi, hawakuzingoja.

Asubuhi moja kalibu yake ilikuwa bado mbichi.

Akamimina.

Chuma kikaruka.

Walioleta habari walinikuta sokoni.

Aliishi siku kumi na moja, mikono yote imefungwa bendeji. Kila siku niliingia hospitali nimeamua kumwambia: si muzungu, ni mimi. Siku ya nne nilimkuta anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili, polepole, pumzi zikimkatika:

“Muzungu mwenyewe alinitafuta. Pale mujini maseremala balikuwa wengi.”

Yule mgonjwa akanitazama, kana kwamba ananipongeza. Nikainama nikatengeneza shuka.

Donati alirudi, mwembamba, malaria mwilini, usingizi hapati. Lakini alirudi, na leo ana wajukuu. Watu huniambia niilaumu serikali, na ninailaumu: ndiyo iliyoleta daftari, ndiyo iliyokimbiza chuma kisichokimbizwa. Ila katika daftari lile kulikuwa na mstari mmoja nilioomba mimi. Ningemwacha aende na mdogo wake, labda angefia hukohuko. Labda. Nimelichoka neno hilo.

Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia. Alikufa akijiona mtu aliyechaguliwa, na mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa kumpenda au kwa kumwogopa.