Nilivyomsifu Barasa kwa Ukimya Wake

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri niwaambie. Utoto wangu ulinuka sabuni mbichi. Baba alishika zamu ya usiku katika kiwanda cha sabuni, akarudi asubuhi kwa miguu hadi chumba chetu Mukuru kwa Njenga, ile harufu imemganda mpaka kwenye nywele. Mchana alilala, nasi watoto sita tukajifunza kuishi bila sauti. Sufuria iliwekwa juu ya kitambaa isigonge sakafu. Kikohozi kilimezwa. Miaka yote ya zamu hiyo, mimi ndiye niliyekuwa kimya kupita wote, na jioni Baba alinikatia nyama kutoka sahani yake mwenyewe. Majirani walisema, "Watoto wa Mluhya huyu wana adabu." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kumpima mtoto. Shule sikufika mbali, lakini somo hilo nililishika.

Nimezeekea hapa Huruma nikimlea mjukuu wangu Barasa. Alikuwa msumbufu: redio juu, mpira kwenye ngazi, kicheko cha kuamsha ghorofa nzima. Kisha akatulia. Akaacha muziki, akaacha marafiki, akawa anafua nguo zake mwenyewe na kuketi kwenye kochi na simu sikioni, akisema anamsikiliza mwalimu fulani. Sikuuliza mwalimu gani. Nilimshukuru Mungu, nikaanza kumtangaza. Musyoka, kijana wa mlango wa pili, nilimwambia mbele ya mama yake, "Wewe ni debe tupu. Mwige mwenzako." Akacheka, akiniita shosho, yaani bibi, kama vijana wote wa hapa. "Shosho, huyo wenu amekuwa pasta ama ni mgonjwa?" Yeye aliona, mimi sikuona. Mama yake akamkata kauli: "Fanya shosho anavyosema." Basi akaanza kuja kuketi na Barasa, wakasikiliza pamoja.

Siku moja waliondoka wakisema wamepata kazi ya mjengo Mombasa. Niliwafungia chapati. Miezi ikapita, wakaja wapelelezi na picha: wote wawili porini, ng'ambo ya mpaka, wameshika bunduki, wamo katika kundi la wale wanaolipua watu na kusema wametumwa na Mungu. Majirani zangu Waislamu wanasema Mungu huyo hawamjui. Niliuliza mkubwa wa kundi hilo ni nani. Mpelelezi akajibu kwamba wakubwa wametapakaa nchi nyingi, na wengine hata yeye anawajua kwa sauti tu. Sasa nimshike nani shati? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, nikadhani inahusu mvua.

Zamani tulikuwa na njaa, lakini aliyetaka kumchukua mtoto ilimbidi apite mbele ya akina mama wanaofua, aulizwe ametoka kwa nani. Huyu wa sasa alizungumza kwa simu ndani ya nyumba yangu mwaka mzima, nami nikimpelekea Barasa chai. Sina nguvu ya kuwarudisha. Sijui kama wako hai. Kila Jumapili baada ya kanisa Mama Musyoka husimama mlangoni kwangu na kusema, "Si ulitaka aige? Ameiga. Nirudishie." Binti zangu ninaoishi nao walitaka kumfungia mlango. Nimewaambia nyumba nzima: Mama Musyoka akija, mlango uwe wazi, mpeni kiti, na mtu asimkatize mpaka amalize.