Nyuzi sita ambazo hazikuwahi kuwapo

Saa moja kasoro robo asubuhi, Secilia Shekiondo amesimama mbele ya tangi la chuma kisichoshika kutu lenye lita 500 za maziwa. Mikono ameiweka ndani ya mifuko ya koti jeupe. Macho yako kwenye kioo kidogo kilicho ubavuni mwa tangi, ambacho kinaonyesha joto la maziwa yaliyomo.

Namba inapanda polepole. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Inapofika hamsini na saba, Secilia anavuta pumzi na kuitazama mpaka inapopita.

"Hapo ndipo nilipokuwa navuta kuni," anasema. "Miaka minne na miezi saba nimeiona namba hiyo kila asubuhi, nikaiita sitini na tatu."

Secilia ana umri wa miaka 43. Alizaliwa Rangwi, akaolewa Shume, na hapa wengi humwita Mama Eliza kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mwendesha mtambo katika kiwanda kidogo cha maziwa cha Kwedongo, kinachomilikiwa na ushirika wa wafugaji 140 wenye ng'ombe mmoja, wawili au watatu kila mmoja. Analipwa shilingi 210,000 kwa mwezi.

Kazi yake ni kuyapasha maziwa joto ili kuua vijidudu vya magonjwa kabla hayajafika kwa mlaji. Kipimo chake hakina utata: nyuzi 63, kwa dakika 30, bila kushuka. Chini ya hapo, baadhi ya vijidudu vinaweza kubaki hai.

Alianza kiwandani akiosha keni za maziwa. Mwaka 2019 ushirika ulimchagua kwenda Tanga kwenye mafunzo ya wiki mbili, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa unasomeka na hakuwa akichelewa kazini. Alirudi na cheti, daftari lililojaa na kipimajoto cha kioo kilichofungwa kwenye kamba.

Moja ya mambo aliyofundishwa ni kukihakiki kipimajoto hicho kila Jumatatu. Utaratibu ulikuwa rahisi. Chemsha maji, tumbukiza kipimajoto, soma. Maji yanayochemka lazima yaonyeshe nyuzi 100. Yakionyesha pungufu, kifaa kinapunguza. Andika tofauti, kisha iongeze kila unapopima.

Kule Tanga, kando ya bahari, alifanya zoezi hilo mara tatu na kila mara alipata 100.

Jumatatu ya kwanza Shume, alipata 94.

Alidhani kifaa kimeumia njiani, maana kilipanda mlima ndani ya begi, juu ya pikipiki, katika barabara iliyokuwa imeharibiwa na mvua. Akafanya kama alivyofundishwa. Alitoa tisini na nne kwenye mia moja, akapata sita, akachukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye kupaka milango na kuandika ukutani juu ya jiko: ONGEZA 6.

Kuanzia siku hiyo, kipimajoto kilipofika 57, Secilia aliongeza sita, akapata 63, akaanza kuhesabu dakika thelathini.

Kipimajoto hicho kilivunjika mwaka 2021. Ushirika ulinunua kingine, nacho kikasoma 94 kwenye maji yanayochemka. Mwaka uliofuata walinunua cha tatu, cha bei ya juu kidogo. Kikasoma 94.

"Nilisema, hivi vya siku hizi vyote ni vibovu," anasimulia. "Vitatu vinaniambia neno moja, na mimi nikaona vyote vitatu ni vya uongo."

Hakuna aliyemsahihisha. Mnunuzi mmoja wa Lushoto alimtuma mkaguzi wake mara mbili. Alikagua usafi wa ndoo, kucha za wafanyakazi na daftari la joto. Daftari lilikuwa na 63 kila siku, kwa mwandiko mzuri. Kiwanda kikapata alama 91 kati ya mia.

Jibu lilikuwa jikoni mwa kila nyumba ya Shume. Wanawake wa hapa wanajua kwamba maharage yanayoiva Tanga kwa saa mbili, huku juu yanaweza kutaka zaidi ya tatu. Wao hulaumu mbegu, au kuni mbichi. Mama mkwe wake Secilia analaumu sufuria nyepesi za siku hizi.

Mtambo mpya uliletwa Machi 2024. Uligharimu shilingi milioni 38, nusu ikiwa msaada wa mradi na nusu makato ya wanachama. Tofauti yake na sufuria za zamani haiko kwenye ukubwa pekee. Ndani ya tangi kuna vihisi viwili vya joto, kila kimoja na cheti cha uhakiki na lakiri. Kila dakika moja joto huandikwa kwenye kumbukumbu ambayo hakuna mfanyakazi anayeweza kuifuta. Koki ya kutolea maziwa haifunguki mpaka nyuzi 63 zitimie kwa dakika 30. Zisipotimia, ujumbe hutumwa kwenye simu ya mwenyekiti wa ushirika, Mzee Fanueli, mwenye miaka 71.

Asubuhi ya kwanza mtambo ulikataa kufungua.

Secilia alikuwa ametumbukiza kipimajoto chake kupitia mfuniko ili kujiridhisha. Kilisoma 57. Akaongeza sita, akaamua maziwa yako tayari, akahesabu dakika zake na kuzima moto. Kioo cha mtambo kilikuwa kimeganda kwenye 57 na koki haikutikisika. Walilazimika kuwasha tena. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mzee Fanueli alipanda kutoka nyumbani na simu yake mkononi, akauliza kama wamenunua mtambo au wamenunua mkwe wa kuwanyanyasa. Rahabu, anayefungasha maziwa, alisema mashine imekuja kutoka mjini kuwafundisha watu wa Shume kupasha maziwa.

Siku ya tatu Secilia alimpigia simu Hashimu, fundi aliyefunga mtambo, ambaye ofisi yake iko Tanga. Alimweleza kwamba mashine ina tatizo dogo tu, naye ana dawa yake. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo vilevile.

"Naomba uiongezee ile sita humo ndani," alimwambia.

"Sita gani, Mama Eliza?"

"Ya kusahihisha. Vipimo vyetu vyote huwa tunaongeza sita."

"Mmeipata wapi hiyo sita?"

"Kwenye maji yanayochemka. Yanasoma tisini na nne."

 Hashimu akauliza kiwanda kiko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Secilia hakujua. Hashimu akamwambia asiuze maziwa ya siku hiyo mpaka koki ifunguke yenyewe, na kwamba anapanda kesho.

Alifika na kipimajoto chake chenye cheti, kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Waliteka maji, wakayachemsha, wakatumbukiza kifaa chake pamoja na vipimajoto viwili vya Secilia vilivyosalia. Cha Hashimu kilisoma 93.8. Vya Secilia vilisoma 94.

Kiwanda cha Kwedongo kiko mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji hayahitaji joto kubwa ili yachemke. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Shume yanachemka kwenye 94. Lakini nyuzi 63 ni zile zile kila mahali, na kijidudu hakijui kama kimeuawa pwani au mlimani.

Vipimajoto vyote vilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa ukutani, kwa rangi nyekundu.

Secilia anasema hakulia. Aliuliza swali moja, kama maziwa ya miaka yote hiyo yalipata 57 tu. Hashimu alijibu ndiyo. Akatoka nje, akakaa juu ya kreti, na Rahabu alipomfuata alimkuta anapiga hesabu ya lita kwenye kiganja kwa kalamu.

Hesabu hiyo sasa iko kwenye muhtasari wa kikao. Maziwa ya mtindi, ambayo ni sehemu kubwa ya biashara, hupashwa hadi nyuzi 85. Kwa kosa la sita yalipata 79 kwa nusu saa, na hilo linatosha kuua vijidudu vya magonjwa. Mtindi ulinusurika. Maziwa freshi hayakunusurika. Kiwanda kiliuza wastani wa lita 60 kwa siku, kwa siku zipatazo 1,670. Ni takribani lita laki moja.

Nyumba nyingi za milimani huyachemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na desturi hiyo peke yake ingewakinga wanunuzi. Lakini Secilia alikuwa ameipiga vita. Kwenye mafunzo aliambiwa maziwa yaliyokwisha kupashwa kitaalamu hayahitaji kuchemshwa tena. Akaifanya hiyo kuwa kampeni yake. Aliwaambia wateja kwenye dirisha la mauzo, aliwaambia akina mama kliniki, aliwaambia wenzake baada ya misa. Kwenye pakiti iliandikwa: Tayari kwa kunywa.

Kikao cha wanachama kilifanyika wiki hiyo. Mzee Fanueli alikuwa na pendekezo alilolieleza kwa upole, kwa Kiswahili na kisha kwa Kishambaa ili lieleweke. Mtambo umekuja, kosa limekwisha, hakuna aliyefungua kesi. Maandishi ukutani yafutwe na kazi iendelee. Wengi walitikisa vichwa kukubali.

Secilia aliomba nafasi. Alianza na shikamoo kwa wazee, kisha akasema maneno ambayo mwandishi wa kikao aliyanukuu yalivyo.

"Mimi ndiye niliyewaambia watu wasichemshe. Tukinyamaza, aliyepata homa kwa maziwa yetu ataendelea kutibiwa malaria."

Kura zilipigwa. Wanachama 66 walitaka tangazo litolewe, 59 walipinga. Jumapili na Ijumaa iliyofuata tangazo lilisomwa makanisani na msikitini, likitaja magonjwa ya kwenda kupimwa. Mauzo ya maziwa freshi yalishuka kutoka lita 60 hadi 11 kwa siku. Secilia aliondolewa kwenye mtambo na kurudishwa kuosha keni, kwa shilingi 120,000. Baadhi ya wanachama waliacha kumwitikia salamu.

Ushirika ulimlipa daktari wa mifugo apime ng'ombe wote 212. Saba walikutwa na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humwambukiza binadamu kupitia maziwa na kumletea homa inayokuja na kuondoka kwa miezi, pamoja na maumivu ya viungo.

Hidaya ana miaka 34 na anafundisha shule ya msingi. Alikuwa na homa za aina hiyo tangu mwaka 2022. Alikuwa ametibiwa malaria mara tano. Baada ya kusikia tangazo alikwenda hospitali na kuomba kipimo kwa jina la ugonjwa. Kilitoka chanya. Alitumia dawa kwa wiki sita; homa zimekwisha, ingawa goti la kushoto bado linamsumbua kwenye mteremko.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba aliupata Kwedongo, na yeye mwenyewe ni wa kwanza kulisema hilo. Siku aliyopata majibu alikwenda dirishani na kumsalimia Secilia shikamoo kama siku zote. 

"Nilimwambia siwezi kuapa kuwa ni maziwa yake," anasema Hidaya. "Kwa mama yangu nimekunywa yanayotoka kwenye chuchu ya ng'ombe. Lakini yeye ndiye aliyenizuia kuchemsha, na nilimtii kuliko nilivyomtii daktari."

Secilia anasema maneno hayo ni ya haki.

Hidaya bado ananunua lita moja kila siku. Anaichemsha, na hamfichi.

Baada ya miezi miwili ushirika ulimrudisha Secilia kwenye mtambo. Sababu iliyoandikwa si huruma. Katika miezi hiyo mtambo uliandika makosa kumi na moja ya waendeshaji, na mtu pekee aliyekuwa akisoma kumbukumbu hizo kila jioni, bila kulipwa, alikuwa mwosha keni.

Leo maziwa freshi yanauzwa lita 48 kwa siku. Ng'ombe saba waliondolewa na wenyewe kufidiwa nusu bei. Vihisi vya tangi vinahakikiwa kila baada ya miezi sita na fundi mwenye cheti, na maandishi mapya kwenye pakiti yanaeleza siku, saa na joto lililofikiwa.

Linalomnyima usingizi Secilia sasa ni darasa lake la 2019. Walikuwa 22 kwenye mafunzo yale. Kwa orodha aliyoihifadhi, tisa walitoka vikundi vya milimani. Wote walifundishwa kuhakiki kwa maji yanayochemka, na wote walifanya zoezi hilo kando ya bahari.

Ameomba siku moja ya ruhusa kila wiki, na Hashimu amemwazima kipimajoto chenye cheti. Amekwisha kutembelea vikundi vinne. Viwili vilikuwa vimeacha kazi. Kimoja hakikuwahi kuhakiki chochote, na kwa ajili hiyo maziwa yake yalikuwa salama. Cha nne kilikuwa kinaongeza tano.

Maziwa ya leo yanatimiza dakika zake saa moja na nusu na koki inafunguka yenyewe. Secilia anasaini, anavua koti na kuchukua simu. Anampigia mama aliyekaa naye dawati moja kule Tanga, ambaye sasa anaendesha sufuria za kikundi kidogo upande wa Mgwashi. Wanaulizana habari za watoto, za mvua, za marehemu wawili wa mwaka huu. Kisha Secilia anamwomba achemshe maji kidogo na kusoma kipimo, naye anasubiri hewani, dakika nane.

Jibu linakuja: tisini na tano.

"Na ukutani umeandika uongeze ngapi?" anauliza Secilia, na baada ya kusikiliza anaanza kuvaa viatu vya safari. "Dada, ya leo usiyauze. Nakuja."