Waliooshwa Bofu

Shemeji yangu Kadzo alinifuata hadi Changamwe kunipa habari: mdogo wangu Kazungu amerudi kutoka vita vya Waingereza huko Burma, lakini hataki kuingia nyumbani wala kumshika bintiye. Mimi, mzee wa kanisa, nilijua dawa yake ni maneno mawili tu ya Injili. Nikavaa koti.

Asubuhi tulipanda basi, tukapita Makupa na mjini, ambako bendera za ushindi zingali zikining'inia madukani. Kivukoni watu wawili walibishana kama bomu lile lililoangushwa Japani lingeweza kuimaliza Mombasa nzima. Walicheka, nami nikacheka.

Kwetu Bofu, ng'ambo ya kivuko, tulifika adhuhuri. Kazungu alikuwa ameketi uani, sare imempwaya. Kwetu aliyeua, hata vitani, haingii kwa watu wake kabla ya kuoshwa kwa vuo, maji ya majani ya dawa, na kwanza humtaja kwa kinywa chake aliyemuua. Shangazi yetu, ambaye ndiye mwoshaji, alikuwa amekataa.

"Asema hakumpiga mtu risasi," alinieleza. "Alikuwa dereva. Nimwoshe nini?"

"Nautaja mji ule wa Japani," Kazungu akasema. "Twaambiwa watoto wameungua kwa bomu, nasi kambini twarusha kofia juu kwa kuwa tutarudi nyumbani. Wamekufa badala yangu, kaka."

"Hukulirusha wewe."

"Aliyelirusha atasema alitumwa. Aliyemtuma atasema alishauriwa. Mbona mji umekwisha na hakuna mwenye kosa?"

Shangazi akalivuta beseni la vuo. "Habari ya bomu ilipofika, wa kwanza kupiga vigelegele hapa ni mimi," akasema, akajimwagia. Akamwosha Kadzo, aliyeviitikia, kisha Kazungu. Akanigeukia.

"Nawe, mwanangu? Changamwe hamkupiga kengele ya ushindi?"

Tulipiga, na kamba niliivuta mimi. Lakini mchungaji amekataza vuo, na cheo changu nakipenda. Nikasema mimi sikuua mtu.

Kazungu akambeba bintiye kwa mara ya kwanza, akilia. Nilinyoosha mikono nimpokee.

"Wewe bado, kaka," akasema, akaingia naye ndani.

Jioni nilivuka peke yangu, nikimtukana Kazungu moyoni njia nzima. Jumapili niliongoza sala ya kushukuru ushindi, na sauti ilinitoka vizuri sana. Nilichojifunza Bofu ni kwamba mtu aweza kusema "si mimi", akawa amesema kweli, na bado akanyimwa mtoto wa ndugu yake.