Tembe la Rozalia Halibomolewi

Rozalia alirudi Kilolo mwaka 1955, mwezi wa sita, baridi ilipokuwa inauma kweli. Alifika juu ya magunia ya lori lililotoka Mbeya, ana sanduku la bati, godoro lililokunjwa, na cherehani ya mkono aliyoipakata njia nzima kama mtoto. Mtoto wa kuzaa hakuwa naye. Mumewe alikuwa ameoa mwingine, na Rozalia hakungoja kuambiwa ahame. Tangu aolewe walikuwa wakipanga vyumba katika nyumba za watu, na kila mwenye nyumba alipotaka chumba chake, yeye ndiye aliyekunja godoro. Safari hii alilikunja kwa hiari yake.

Mdogo wake Joachim alimpokea vizuri. Alikuwa na nyumba ya matofali yenye mabati, ya kwanza upande ule wa kilima, na mkewe alimkaribisha wifi yake kwa chai na viazi.

"Utalala chumba cha stoo, dada," Joachim akasema, "mpaka tuone."

Rozalia alitoka nje na kikombe chake, akasimama anatazama ng'ambo ya njia.

Huko kulikuwa na tembe la ukoo. Babu yao alilijenga baada ya vita na Wajerumani, watu walipoanza kurudi kutoka walikokuwa wamejificha. Lilikuwa na pande nne zilizozunguka ua, paa bapa la udongo, na nguzo nene ambazo mtu mmoja hawezi kuzikumbatia akashika mikono yake. Ukoo ulikutania pale kuoza mabinti, kulia wafu na kupatanisha waliogombana. Baba alipofariki Joachim akahamia ng'ambo, na mvua zikafanya kazi yake. Sasa pande mbili zilikuwa vifusi, wa tatu walilazwa mbuzi. Upande wa nne tu, wenye chumba kikubwa, ulikuwa umesimama, na juu ya paa lake nyasi ziliota mpaka mbuzi wakapanda kula.

"Usilitazame sana," Joachim alisema nyuma yake. "Linabomolewa. Mzagila wa eneo hili ameshatoa amri, matembe yote ya kandokando ya barabara yaondoke kabla ya mvua. Anasema yana papasi, wale kupe wa homa, na wageni wa serikali wakipita yanatia aibu. Zile nguzo nitajengea banda la ng'ombe. Mchwa hawaziwezi."

"Umeshauriana na nani?"

"Nishauriane na nani? Mrithi ni mimi."

"Na mimi?"

"Wewe uliolewa, dada."

"Nimerudi," Rozalia akasema. Akamaliza chai yake, akaingia ndani, akachukua godoro, akavuka njia.

Siku hiyohiyo aliwatoa mbuzi. Majirani walisimama mbali wakimtazama anavyochimba sakafu ya chumba kikubwa, anatoa udongo wa zamani kwa karai na kuurundika uani pamoja na kuni ili auchome. Alichemsha maji kwenye pipa akamwagia kila ufa. Kisha aliwasha moto wa majani mabichi ndani, akafunga, moshi ukatoka kwenye paa kama nyumba inaungua. Joachim alikuja mbio na ndoo.

"Nawafukuza papasi," Rozalia akamwambia. "Ukipenda kunisaidia, acha hiyo ndoo, nina kazi nayo."

Joachim akaondoka na ndoo yake.

Mzagila, aliyetawala eneo lile chini ya mtwa, chifu mkuu wa Wahehe, hakuja mwenyewe. Alimtuma bwana afya. Yule kijana alipekua nyufa kwa kijiti, akakuna sakafu mpya iliyosiribwa kwa samadi, hakupata papasi hata mmoja. Lakini alisema amri ni amri.

"Amri ilikuwa ya papasi," Rozalia akamwambia. "Sasa papasi hawapo. Nenda kamwambie aje kunifukuza mimi."

Maneno hayo yalimfikia mzagila kama yalivyosemwa. Akatangaza kwamba atakayemsaidia yule mwanamke kujenga, ajue amesimama kinyume cha serikali. Akaongeza kwamba nyumba isiyo na mwanamume si kaya, ni pango.

Rozalia hakuwa na habari ya tangazo hilo alipoloweka ulezi. Alitaka kuita mgowi, ule wa jirani kwa jirani, watu wanakuja na majembe, wanafanya kazi ya mtu mmoja kwa siku moja, halafu wanakunywa. Pombe iliiva vizuri. Alikwenda kuwaalika nyumba kwa nyumba, na kila mmoja aliitikia kwa adabu. Siku ilipofika hakuja mtu. Jua likapanda, povu likatulia kwenye mitungi, na alipowaona wale aliowaalika wanapita barabarani wakitazama upande mwingine, alielewa. Alijichotea kibuyu kimoja, akanywa, akapanda kwenye paa na jembe. Mwanamke kupanda juu ya nyumba ilikuwa jambo la kuzungumzwa mwaka mzima. Waliopita walimkuta pale juu, khanga ameifunga kiunoni, anang'oa nyasi na kuwatupia barabarani.

"Kamwene," aliwasalimu kila walipopita, kwa sauti kubwa, ili walazimike kuinua uso na kumwitikia.

Kazi ya mihimili hakuiweza peke yake. Alishuka Iringa mjini, akamtafuta Halfani, fundi seremala ambaye marehemu baba yake alikuwa akipita Kilolo na biashara ya nguo na kulala katika tembe lile. Rozalia hakuwa na cha kumpa ila cherehani. Aliiweka juu ya benchi lake la kazi.

"Hii ni kazi yako, Mama," Halfani akasema. "Ukinipa utakula nini?"

"Nitalima. Nitengenezee mihimili na mlango."

"Nasikia mzagila hataki."

"Unamwogopa?"

Halfani alicheka. "Mimi mtu wa mjini, mzagila wako hanijui. Tena marehemu baba alikuwa akisema hakuna nyumba huku bara aliyolala usingizi kama ile."

Alikuja na vifaa vyake, akakaa mpaka mihimili yote mibovu ikabadilishwa na mlango mpya ukasimama. Baada ya hapo alirudi mjini na cherehani, na Rozalia akabaki na mihimili iliyo wazi juu, nusu imefunikwa, nusu anga.

Hali ilikuwa hivyo siku Asukile alipokufa.

Asukile alikuwa Mnyakyusa, kibarua wa kambi ya barabara. Walikuwa wakichimba changarawe chini ya ukingo, ukingo ukaporomoka. Mkewe, Tupokigwe, alikuwa anaishi naye kambini katika kibanda cha nyasi ambamo mtu hawezi kusimama wima. Nyapara alitaka maiti izikwe mapema, watu warudi kazini. Mjane hakuwa na ndugu karibu, wala mahali pa kuketi kulia, na kambini walikwisha mwambia kibanda kinahitajika kwa kibarua mwingine.

Rozalia alizisikia habari hizo kisimani. Aliacha mtungi wake palepale, akaenda kambini, akamkuta Tupokigwe amekaa juu ya jiwe na nguo zake zimefungwa kwenye kitenge. Hawakuwa wanajuana.

"Simama twende," alimwambia. "Msiba wako uko nyumbani kwangu."

"Sikujui, mama."

"Utanijua huko huko."

Alitandika mikeka chini ya ile nusu yenye paa, akawasha moto uani, akamkalisha mjane ukutani pale walipokaa wajane wa ukoo tangu zamani. Kisha akatoka nje akapiga yowe la msiba, lile refu ambalo kila mtu kilimani alilijua.

Kuacha kwenda mgowi, hilo mtu anaweza. Kusikia yowe la msiba ukabaki na jembe lako shambani, hilo hakuna aliyethubutu. Wanawake walianza kuja na unga na kuni, halafu wanaume wakaja, wakakaa uani kuuzunguka moto. Vibarua wenzake Asukile walimwacha nyapara peke yake na machepeo yake. Ile jioni hakukuwa na nafasi ya kuweka mguu. Watu waliolikwepa tembe mwezi mzima walikuwa wameegemea nguzo zake, na wazee wakaanza kuoneshana nani alikaa wapi siku ya harusi gani. Joachim naye alikuja. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

Matanga yalipokwisha, mzagila alimwita Rozalia barazani. Miaka ile watu wakikaa pamoja tu serikali ilinusa siasa, na kila mkusanyiko ulitaka kibali.

"Nani alikupa ruhusa ya kukusanya watu?" mzagila akauliza mbele ya wote.

"Marehemu."

"Nisikilize vizuri, mwanamke. Mimi sifanyi mzaha."

"Mimi pia sifanyi. Aliyewaita ni aliyekufa. Mimi nilifungua mlango. Kama ningeufunga, mjane angelia barabarani, na wageni wako wa serikali wangemwona."

Baadhi ya watu waliinama kuficha nyuso zao. Mzagila akamtoza mbuzi. Rozalia akasema mbuzi ni wa Joachim, na kama angekuwa na wa kwake asingemtoa, kwa sababu kulia si kosa. Basi mzagila akatoa adhabu nyingine. Abebe mawe kutoka mtoni mpaka kwenye shimo lile alimofia Asukile, mpaka lijae.

Asubuhi yake Rozalia alishuka mtoni na ngata kichwani. Tupokigwe alimfuata, ingawa aliambiwa mjane hatakiwi kazi ngumu. Wakiwa wanapanda na mawe ya kwanza, walikutana na mama mmoja wa jirani anashuka na ngata yake. Nyuma yake walikuja wengine, wale waliokaa matangani, wengine na watoto mgongoni, mpaka njia ya mtoni ikawa kama njia ya kwenda gulioni. Karani wa baraza alisimama na kalamu, hajui aandike nani. Jua halijafika utosini shimo lilikuwa limejaa, na kwa kuwa mawe yalibaki mikononi, wakayapeleka kwa Rozalia kushikilia msingi wa ukuta.

"Mmekula?" Rozalia akawauliza. Hawakuwa wamekula. Akapika makande kwenye lile pipa la papasi alilokwisha sugua, wakala uani kwake, tena bila kibali.

Ilimbidi mzagila awaadhibu wote, au aache. Aliacha. Siku hizo alipopita na baiskeli yake aliangalia mbele tu, anakanyaga kwa nguvu kana kwamba pale hakuna nyumba.

Paa lilimalizwa na wanawake. Tupokigwe ndiye aliyefuma mianzi juu ya mihimili, maana kwao Rungwe walijenga kwa mianzi na alijua kuibana maji yasipate njia. Shemeji zake walituma mtu kumchukua. Alimwandalia mgeni ugali na maharage, akamwambia salamu ziwafikie. "Ndaga," alikuwa amemwambia Rozalia usiku ule wa kwanza tu, yaani asante, na baadaye hakurudia, kwa sababu pale palikuwa kwake.

Tangu hapo watu hawakuuliza tena tembe ni la nani wala kama linaruhusiwa. Waliokosana na wazee wao walipatanishwa pale. Wanakwaya walifanyia mazoezi pale mvua ikinyesha. Mwanamke aliyepigwa na mumewe alijua mlango ulipo, na mumewe alijua nani atafungua. Halfani alipopita na bidhaa za mbao alilala pale kama baba yake, akaswali uani kwenye mkeka wa Tupokigwe.

Mwaka 1958 binti wa Joachim alipata mchumba. Ukoo wa bwana harusi ulikuwa mkubwa, na nyumba ya mabati, kwa fahari yake yote, ilikuwa na sebule ya viti vinne. Joachim alivuka njia, akasimama uani.

"Dada, nimekuja kuomba. Wageni nataka niwapokelee hapa."

"Wapokee. Ila mbele yao utasema hii nyumba ni ya nani."

"Watu wote wanajua."

"Basi haitakuwa shida kusema."

Siku ya harusi mvua ya mapema iliwakuta. Chumba kikubwa kilijaa, wageni wamebanana mpaka mlangoni. Joachim alisimama, akakohoa, akasema maneno mengi ya kukaribisha, na mwishoni, macho chini, akasema kwa haraka kwamba nyumba hii ni ya dada yake Rozalia, ndiye aliyeisimamisha.

"Sema tena," Rozalia akasema kutoka kwenye vyungu. "Walioko nyuma hawajasikia."

Joachim akainua uso. Akasema tena, safari hii kwa sauti, na bwana harusi akaanza kupiga makofi kabla hajamaliza.

Upande mmoja wa tembe haukujengwa kamwe. Nguvu na mihimili viliisha, Rozalia akapanda mboga pale. Hata paa halikuwa kamilifu. Katikati ya harusi ileile tone lilianza kudondoka kwenye kona ya wazee wa upande wa bwana harusi, na mmoja wao akatazama juu, akamwambia mwenzake kwamba mabati yasingefanya hivi. Rozalia alimsikia. Akaja na sufuria, akaiweka chini ya tone, akamshika mzee bega kwa heshima.

"Sogea kwa ndani, baba," akasema. "Nafasi ipo."