Siku Niliyokamatwa na Kinyesi cha Nzeyimana

Bora nikiri mwenyewe, maana wenzangu wa Bangwe, hapa Kigoma, wanaujua mkasa huu vipande vipande na kila mmoja anautia chumvi anavyotaka: ndiyo, ni mimi niliyevuliwa viatu mwaloni Kibirizi, maboti yanakotia nanga, mbele ya wauza dagaa, nikapuliziwa klorini kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo, kisha nikalazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati (aliyewahi kuona kitanda cha kipindupindu anajua tundu lile ni la nini), na wakati huo nilikuwa mzima wa afya kuliko wote walionilaza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, maboti yanashusha watu kila siku kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya Kongo, na mimi ndio kwanza nimetoka chuo kikuu na digrii yangu ya elimu ya wanyama, nimepata kazi kwenye kambi ya utafiti wa sokwe kule msituni, chini ya Bi Skola. Bi Skola ni mtu wa Kidahwe, elimu yake darasa la nne, alifika kambini kama mpishi wa watafiti wageni. Wageni walikuwa wanapanda milima mwezi mzima na wanachoambulia ni migongo ya sokwe wanaokimbia, yeye akawa anaenda kuokota kuni, anakaa chini, anawapa mgongo, anachambua mboga zake kimya, leo hivyo, kesho hivyo, mpaka mwaka wa pili sokwe wakawa wanapita mbele yake kama majirani. Ndiye mtu wa kwanza kukaa katikati yao. Wageni walikuja wakaondoka, yeye akabaki na madaftari yake zaidi ya miaka ishirini, na chochote kinachojulikana kuhusu sokwe wa pale kilitoka kwenye madaftari hayo.

Lakini mimi nilikuwa na swali (siku zote nilikuwa na swali). Kwa nini awape wanyama majina ya watu? Tena majina ya majirani zake wa Kidahwe: Mama Bukuru, na mapacha wake Bukuru na Butoyi, na Minani, na kijana mmoja dume mwenye masikio makubwa, Nzeyimana.

"Mama, sayansi inataka namba," nilimwambia.

"Namba haina uso, Deo. Ukimwita Saba, akiumwa utaandika 'Saba anaumwa' halafu utakula ugali wako. Ukimwita Nzeyimana, ugali hautapita."

Sikuridhika. Nilikwenda kuhubiri Ujiji, kwenye baraza la kahawa, mbele ya watu wazima, nikasema mtafiti wa kweli humpa mnyama namba, jina ni la mtu. Aliyenisikiliza kuliko wote ni Bwana Afya Kaduma, aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Msomi huyu ana hoja." Nikavimba. (Mkumbukeni Kaduma, tutakutana naye.)

Wiki iliyofuata Nzeyimana akaanza kuharisha. Siku ya pili wakafuata mapacha na mama yao. Bi Skola hakula kweli. Sokwe hushika magonjwa yetu, na kipindupindu kilikuwa kimetapakaa ufukweni kote, kwa hiyo ilibidi ijulikane haraka kama ni hicho au ni ugonjwa mwingine, maana dawa ni tofauti. Maabara iko Dar es Salaam. Ndege inaondoka Kigoma saa nane mchana siku hiyo, inayofuata ni baada ya siku nne, na kila aliyemwona Nzeyimana ameegemea mti alijua hana siku nne.

Tukajaza vichupa vya kinyesi kwenye boksi la barafu, kila kichupa na jina, jinsia, umri na hali. Bi Skola akanipa barua. Ilisema hivi: "Mbeba barua hii, Deogratias, amebeba kinyesi cha sokwe. Tafadhali asizuiliwe."

Niliisoma mara mbili. Mbeba kinyesi! Na digrii yangu!

"Ya nini hii, mama? Nani ataisoma?"

"Mwaloni siku hizi wanapekua mpaka masufuria. Ichukue, mwana wanje," akanibembeleza kwa Kiha kama mtoto wake.

Nikaitikia sawa mama, alipogeuka nikaichomeka ndani ya daftari lake mezani nikapanda boti. Kosa langu lilikuwa hilo moja. Mengine yote yalijileta.

Kibirizi nikawakuta vijana wa afya wamefunga kamba, na mwenye kipaza sauti ni nani kama si Kaduma. Akafungua boksi, akasoma kwa sauti: "Nzeyimana, wa kiume, miaka sita, anaharisha siku ya tatu. Bukuru na Butoyi, mapacha..." Akaniangalia. "Warundi hawa. Wako wapi?"

"Msituni," nikasema (si ndiyo kweli?).

"Umewaficha msituni?"

"Sikumficha mtu. Kwanza haya ni majina ya Waha wa hapa vilevile. Halafu hao ni sokwe."

Mwalo mzima ukacheka. Mama mmoja muuza dagaa akapiga kofi: "Sokwe anaitwa Minani! Basi shemeji yangu naye ni sokwe, nilikuwa namshuku siku nyingi!"

Kaduma hakucheka. "Msomi, wiki iliyopita ulitufundisha nini pale barazani?"

Nikanyoosha mkono kufunga boksi.

"Mnyama hupewa namba," akajijibu polepole, kama mwalimu anayesomesha imla. "Jina ni la mtu. Mimi nilikuelewa vizuri sana."

Hapo mtu mwenye akili angefikiri. Mimi nikasema, "Bwana, mimi nina digrii."

"Kipindupindu hakiulizi vyeti. Vua viatu."

Ndivyo nilivyofika kwenye kitanda chenye tundu, ndani ya hema la wagonjwa, nimeshikishwa kikombe cha maji ya chumvi na sukari, na jirani yangu, mzee wa Kikongo, ananibembeleza: "Kunywa tu, ndugu. Hata miye siku ya kwanza nilisema sina kitu." Boksi langu lilikuwa limewekwa juani. Maji yalianza kutiririka kutoka pembeni, kamstari kembamba mchangani, na ilikuwa saa tano na nusu.

Kisha nikasikia kipaza sauti. Kaduma, kwa nia njema kabisa, alikuwa anawatafuta ndugu wa wagonjwa: "Anayemjua Nzeyimana, mtoto wa kiume wa miaka sita, aje hemani!"

Akaja mama mmoja anakimbia, ndala moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi. Wakamwonyesha mimi. Alipiga magoti kando ya kitanda akanishika mkono.

"Kaka, Nzeyimana wangu yuko wapi? Tulipotezana tukipanda boti. Ana kovu hapa kidevuni. Ana kovu?"

Waliokuwa wanacheka waliacha.

"Mama... si mtoto. Ni sokwe."

Alidhani namkebehi. Hakulia wala hakunitukana. Aliuachia tu mkono wangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake, akaenda kukaa mchangani.

Klorini, viatu, kitanda, yote hayo ningeweza kuyacheka siku hiyohiyo. Hilo siwezi mpaka leo.

Bi Skola alifika saa sita na ushee, kwa mtumbwi wa wavuvi wenye mashine. Kule kambini alikuwa amefungua daftari aandike, akaiona barua, akanifuata. Alimpa Kaduma, naye akaisoma huku kipaza sauti hakijazimwa, kwa hiyo Kibirizi yote ikatangaziwa kwamba mbeba barua hii amebeba kinyesi cha sokwe.

"Barua anaweza kuandika yeyote," Kaduma akasema.

Bi Skola hakubishana. Aliomba glovu na sahani, akafungua kichupa cha Mama Bukuru, akatandaza kinyesi kwa kijiti. "Hizi mbegu za mkuyu. Hili jani limemezwa zima, sokwe hufanya hivyo tumbo likimsumbua. Na haya manyoya mekundu ni ya mbega mwekundu, kima ambaye sokwe humwinda. Bwana Afya, hapa Kigoma unamjua mtu anayekula mbega na manyoya yake?"

Kaduma alichungulia kwa muda mrefu. Akavua kofia.

"Na wewe Deo," Bi Skola akanigeukia pale kitandani, "chuo kikuu hawakuwafundisha kufungua kichupa?"

Ushahidi nilikuwa nimeubeba mwenyewe asubuhi nzima.

Kaduma ni muungwana. Alikuwa na sampuli zake za ndege ileile, akaziingiza zetu kwenye barafu yake, akanipakia kwenye gari la afya, na njia nzima nikawa naandika SOKWE kwenye kila kichupa kwa kalamu yake, peku. Tuliiwahi ndege. Majibu yalikuja kesho yake kwa simu: si kipindupindu, ni minyoo. Dawa ikafichwa kwenye ndizi, na wagonjwa wetu wote wakapona.

Bi Skola hakuja nasi uwanjani. Alikaa mchangani na yule mama mpaka lori la kambi ya wakimbizi lilipomchukua, wakizungumza, yeye kwa Kiha, mwenzake kwa Kirundi, lugha zinazosikilizana. Waliyosema hakuniambia. Najua tu kwamba tangu siku hiyo kwa kila boti lililoshusha watu Bi Skola alikuwa anauliza habari za mtoto mwenye kovu kidevuni. Kama alipatikana, sisi hatukusikia.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya mwaloni, Bi Skola alifungua daftari, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikamwona anafuta jina.

"Nzeyimana ni mtoto anayetafutwa," akasema. "Huyu wetu amrudishie jina lake."

"Kwa hiyo sasa atapewa namba?" nikauliza (si nilisema mimi ni mtu wa maswali?).

"Jina lipo," akasema, akaandika juu ya mstari aliofuta: Deogratias.

Sijaiacha tena barua ya mtu mezani, hata ikiniita mbeba nini. Na majina sibishani nayo, maana kila siku ya kazi hukaa nikasoma, kwa mwandiko wa Bi Skola, mbele ya vijana wote wa kambi: "Deogratias, saa nne asubuhi. Amekunya vizuri. Mzima." Na chini yake, kwa kuwa ndio utaratibu, naweka sahihi yangu.